Mpaka Unaopita Katikati ya Waamini: Kwa Nini Padre wa Kesho Asome Jiografia ya Siasa

Na Frateri wa Mwaka wa Tatu, Falsafa



Mama yangu alizaliwa upande wa Kenya, karibu na Isebania, akaolewa upande wa Tanzania, karibu na Sirari. Kutoka nyumba aliyozaliwa hadi nyumba aliyoolewa ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Mei 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa watu wote isipokuwa malori ya mizigo. Siku chache baadaye simu ikaja: bibi, mzaa mama, amefariki.

Nilikuwa kidato cha sita na shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo niliyaona yote kwa macho yangu. Jioni ile mama alijifunga khanga, akachukua tochi, akaondoka na mama mdogo kupitia mashamba ya mahindi, ile njia ambayo sisi watu wa mpakani tunaiita njia ya panya. Alimzika mama yake. Aliporudi alijifungia chumba cha nyuma kwa siku 14 ili asije akatuambukiza.

Kilichofuata ndicho kilichonishangaza. Mama, ambaye hakosi Misa ya Jumapili, alikaa miezi kadhaa bila kukomunika. Mtu mmoja katika jumuiya yetu ndogo ndogo alikuwa amemwambia kwamba amevunja sheria na kuhatarisha maisha ya wengine. Siku moja tukipukuchua mahindi aliniuliza: "Baba, wewe unayetaka kuwa padre, hebu niambie. Nilipokwenda kumzika mama, nilitenda dhambi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia akamwone paroko. Alikwenda, akapokelewa vizuri, akarudi kwenye meza ya Bwana. Kwake jambo lilikwisha. Kwangu halikwisha, na makala hii ni jaribio la kulijibu swali lake nikiwa mwanafunzi wa falsafa mwenye umri wa miaka 25. Nataka kusema jambo moja: sisi tunaojiandaa kuwa mapadre tunahitaji kujifunza kutoka kwa wale wanaosoma mipaka, yaani wanazuoni wa jiografia ya siasa, kwa sababu hatuwezi kuwachunga watu ambao hatujui ni mistari gani imepitishwa juu ya maisha yao.

Nusu ya jibu iko kwa Mtakatifu Thoma

Mwaka jana tulisoma mafundisho ya Mtakatifu Thoma wa Akwino kuhusu sheria. Katika Summa, sehemu inayohusu nguvu ya sheria za binadamu, anauliza kama mtu aliye chini ya sheria anaweza kutenda nje ya maneno yake. Mfano anaoutoa ni wa mji uliozingirwa na adui. Sheria inaamuru milango ya mji ifungwe, na ni sheria nzuri, kwa sababu inaulinda mji. Lakini itokee kwamba adui anawafukuza raia walewale wanaoutetea mji. Thoma anasema milango ifunguliwe, hata kama sheria inasema ifungwe, kwa sababu kuifunga kungeleta hasara kwa mji ambao sheria ilikusudia kuulinda.

Niliposoma ukurasa ule nilimkumbuka mama. Mfano wa Thoma ni mfano wa mpaka! Hata hivyo Thoma si mtu wa kurahisisha mambo. Anaongeza mara moja kwamba kama hatari si ya ghafla, si kila mtu ana haki ya kuamua mwenyewe. Hiyo ni kazi ya wenye mamlaka. Ni pale tu ambapo haja haisubiri ndipo haja yenyewe inabeba ruhusa ndani yake.

Maiti haisubiri. Usiku ule hakukuwa na ofisi ambayo mama angeiendea akaomba kibali cha kumzika mama yake. Alilitazama kusudi la sheria, ambalo ni kuzuia ugonjwa, akalitii kwa kujitenga siku 14 bila kulazimishwa na mtu. Naona alifanya kile ambacho Thoma anakiita epikeia, fadhila ya kutii kusudi la sheria pale maneno yake yanaposhindwa.

Lakini hiyo ni nusu tu ya jibu. Katika mfano wa Thoma, ukuta wa mji ulijengwa na wenye mji, wakijua wanamlinda nani. Ukuta aliouvuka mama ulijengwa na nani, na ulikusudiwa kumlinda nani? Swali hilo Summa haikunijibu.

Wanazuoni wanaosoma mipaka

Mwalimu wetu wa historia ya falsafa ndiye aliyenifungulia mlango bila kujua. Alituambia, kwa kupita tu, kwamba Immanuel Kant, ambaye wengi wetu tunamjua kwa ugumu wake, alifundisha jiografia katika chuo kikuu cha Königsberg kwa karibu miaka 40. Na katika kitabu chake kuhusu amani ya kudumu, cha mwaka 1795, hoja yake juu ya haki ya mgeni kupokewa inasimama juu ya jambo la kijiografia: dunia ni tufe, nafasi yake ina kikomo, hatuwezi kutawanyika bila mwisho, na mwanzoni hakuna aliyekuwa na haki zaidi ya mwenzake ya kukaa mahali fulani. Nikajiuliza: kama Kant aliona falsafa inahitaji jiografia, mimi ni nani niidharau? Nikaanza kusoma.

Kwanza nilikuta historia ya aibu. Elimu hii ilipata jina lake kwa kitabu cha Mjerumani Friedrich Ratzel, kilichotolewa mwaka 1897. Ratzel aliifananisha dola na kiumbe hai kinachohitaji nafasi ya kuishi na kukua. Baada yake Karl Haushofer na wenzake waliyaeneza mawazo ya namna hiyo, na Wanazi wakayatumia kuhalalisha kunyang'anya ardhi za watu wa Ulaya ya Mashariki. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945, wanajiografia wengi waliona haya hata kulitaja somo hilo. Mwaka 1976 Mfaransa Yves Lacoste alitoa kitabu kidogo kikali akidai kwamba jiografia hutumika kwanza kabisa kufanyia vita, na kwamba mwalimu anayeifundisha kama orodha ya mito na milima anawaficha wanafunzi jambo hilo.

Napenda kwamba elimu hii iliungama. Tangu miaka ile, wengi katika jumuiya yake wamegeuza swali. Badala ya kuuliza dola ipate wapi ardhi zaidi, wanauliza mstari fulani unawafanyia nini watu wanaoishi juu yake. Leo wanafanya kazi za namna nyingi. Katika Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, kuna kitengo cha utafiti wa mipaka ya kimataifa tangu mwaka 1989, ambacho hutoa mafunzo kwa maofisa na wanasheria wa serikali wanaoshughulikia mipaka ya nchi kavu na ya baharini. Kwa upande wa Afrika kuna mtandao wa watafiti wa maeneo ya mpakani ujulikanao kama ABORNE, uliozaliwa Edinburgh mwaka 2007. Humo wanajiografia, wanahistoria na wanaanthropolojia hukaa pamoja, hufanya makongamano, huwasaidia wanafunzi wa shahada za juu na huchapisha vitabu.

Lakini kazi yao kubwa hufanyika nje ya makongamano. Huenda kwenye hifadhi za nyaraka kusoma barua za wakoloni. Kisha huenda mpakani penyewe, hukaa na mama muuza nyanya, dereva wa bodaboda, mchungaji wa ng'ombe na ofisa wa forodha, wakiuliza na kusikiliza. Wanaitafuta siasa ya dunia kwenye njia ya panya.

Mambo matatu niliyojifunza kwao

La kwanza: mpaka una historia, na mara nyingi historia tunayoisimulia si ya kweli. Shule ya msingi tulifundishwa kwamba mpaka wetu unapinda Kilimanjaro kwa sababu Malkia Victoria wa Uingereza alimpa mjukuu wake, Kaiser Wilhelm, mlima huo kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ni hadithi tamu lakini haisimami. Mstari huo ulikubaliwa kati ya Uingereza na Ujerumani mwaka 1886, na Wilhelm wa Pili alikuwa Kaiser mwaka 1888. Tulifundishwa pia kwamba wazungu waliigawa Afrika yote mezani Berlin. Mkutano wa Berlin, wa Novemba 1884 hadi Februari 1885, uliweka kanuni za mashindano yao. Mistari mingi ilichorwa baadaye, mapatano kwa mapatano. Ule wa kwetu ulianzia pwani kwenye mdomo wa mto Umba, ukazunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, kisha ukaenda moja kwa moja hadi mahali ambapo nyuzi moja ya latitudo kusini mwa Ikweta inakutana na ufuko wa mashariki wa Ziwa Victoria. Mwaka 1890 ukaongezwa kuelekea magharibi.

Someni tena maneno hayo: mahali ambapo nyuzi moja ya latitudo inakutana na ziwa. Hakuna Mkurya aliyeulizwa, wala kisima, malisho, kaburi au ukoo havikutazamwa. Mstari ulinyooshwa kwa rula, nasi tumo chini ya ile rula mpaka leo. Ndiyo maana Wakurya tuko Tarime na tuko Migori, lugha moja na koo zilezile, wimbo wa taifa tofauti.

La pili: mpaka hubadilika hata kama alama zake za mawe hazisogei. Bibi yangu hakuhama kutoka eneo alilozaliwa, lakini mpaka uliokuwa jirani yake ulibadilika mara nyingi. Alipokuwa binti, pande zote mbili zilikuwa chini ya Mwingereza na kuvuka kulikuwa kama kwenda kwa jirani. Tanganyika ikapata uhuru mwaka 1961 na Kenya mwaka 1963, na mwaka 1964 wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Cairo wakaamua kuiheshimu mipaka waliyoirithi, kwa kuogopa vita visivyo na mwisho. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, ukakaa hivyo hadi mwaka 1983. Jumuiya ikafufuka mwaka 2000, soko la pamoja likaanza 2010, na leo Sirari na Isebania zina kituo cha pamoja cha huduma za mpakani. Kisha ikaja korona. Ni mpaka uleule, lakini kwa kizazi kimoja umekuwa njia, kisha ukuta, kisha mlango, kisha ukuta tena. Kitu kinachobadilika hivyo ni kazi ya mikono ya watu, na kazi ya mikono ya watu inaweza kuulizwa na kurekebishwa.

La tatu ndilo lililonigusa zaidi: watu wa mpakani si wahanga tu. Mwanahistoria A. I. Asiwaju wa Nigeria, Myoruba ambaye watu wake wamegawanyika kati ya Nigeria na Benin, alihariri mwaka 1985 kitabu juu ya Waafrika waliogawanywa. Kilionyesha jinsi ndoa, ibada na biashara vilivyoendelea kuvuka mistari ya wakoloni. Miaka kumi na moja baadaye, yeye na Paul Nugent walihariri kingine ambacho jina lake linaitaja mipaka ya Afrika kuwa vizuizi, mapito na fursa. Nugent mwenyewe alichunguza mpaka wa Ghana na Togo, akaonyesha kwamba wenyeji hawakukaa tu wakiulilia mstari. Waliutumia, walifanya magendo kuuvuka, wakadai uraia wao kwa kuutaja, na kwa kufanya hivyo wao wenyewe wakaufanya uwe mpaka wa kweli.

Hilo nalifahamu. Kwetu bei ya mahindi ikipanda upande mmoja, habari hufika upande wa pili kabla ya chai ya asubuhi.

Tusiufanye mpaka kuwa adui

Najua hoja mbili zitakazotolewa dhidi yangu, na zote zina uzito.

Ya kwanza ni ya waamini wa nyumbani. Watasema: frateri, wewe unaongea hivyo kwa sababu ng'ombe wako hawajaibwa. Ni kweli kwamba mpaka humficha mwizi. Mwanaanthropolojia Michael Fleisher alifanya utafiti wake kwetu Tarime, na kitabu chake cha mwaka 2000 kinahusu wizi wa ng'ombe na ulinzi wa sungusungu kwenye mpaka wa Tanzania na Kenya. Anaeleza jinsi wizi ambao zamani ulikuwa jambo la vijana kutafuta heshima na mahari ulivyogeuka biashara, na jinsi soko lililo ng'ambo ya mpaka lilivyousaidia. Silaha na wasafirishaji wa binadamu nao hupita njia zilezile alizopita mama. Kwa hiyo sisemi mipaka ifutwe. Torati yenyewe inamlaani anayesogeza jiwe la mpaka wa jirani yake. Mpaka ukiwalinda maskini na wanyonge, ni chombo cha haki. Ninachosema ni kwamba ni chombo, na chombo hupimwa kwa kazi yake: kinamlinda nani, kinamuumiza nani. Mtu anayeuabudu mpaka na mtu anayeudharau wana kosa moja, hawajautazama.

Hoja ya pili ni ya mafrateri wenzangu. Tukiwa mezani mmoja aliniambia, "Ndugu yangu, sisi tunakwenda kuhubiri Injili, hatuendi kuchora ramani." Nilicheka, lakini nilikuwa na jibu. Kanisa limechora ramani kwa muda mrefu kuliko dola karibu zote zilizopo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 518, inasema kwamba kwa kawaida parokia huwa ya eneo, ikiwajumuisha waamini wote wa eneo hilo. Mwanajiografia wa Marekani Robert Sack, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya jinsi binadamu wanavyotumia maeneo kuwaongoza na kuwatawala watu, alitenga sura nzima kwa ajili ya Kanisa Katoliki. Mtu wa nje alituona kuwa mfano mkubwa wa jambo ambalo sisi wenyewe hatulifundishi.

Tena ramani zetu zilifuata zile za wakoloni. Kule Kisumu na Nyanza Kusini walifanya kazi wamisionari wa Mill Hill. Kwetu Musoma walifika Wamaryknoll mwaka 1946. Wakurya wa ukoo mmoja wakapokea imani ileile kupitia mashirika mawili, wakawekwa chini ya majimbo mawili na mabaraza mawili ya maaskofu. Hakuna aliyekosea, ilibidi kazi igawanywe. Lakini matokeo yake ni kwamba usiku ule wa Mei 2020 paroko wa upande huu na paroko wa upande ule, ambao pikipiki ingewakutanisha kwa dakika 20, hawakuwa na utaratibu wowote wa pamoja wa kuwafariji waliofiwa ng'ambo.

Na hapa neno letu wenyewe linatuhukumu. "Parokia" linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kukaa ugenini, kuishi jirani bila kuwa mwenyeji kamili. Ndilo neno analolitumia Mtakatifu Petro katika waraka wake wa kwanza anapowaita Wakristo wapitaji na wageni. Kanisa lililichukua neno la wageni likalifanya jina la eneo lenye mipaka. Si vibaya, mradi tukumbuke lilikotoka.

Watafiti wana upungufu ambao sisi tunaweza kuuziba

Sitaki kuwasifu wanazuoni kupita kiasi. Mjomba wangu aliwahi kuhojiwa na mtafiti mmoja kwa siku mbili nzima, akamtembeza hadi kwenye mawe ya mpaka, akamlisha kuku. Mpaka leo hajui kilichoandikwa. Kazi zao nyingi ziko kwa Kiingereza na Kifaransa, kwenye majarida yanayouzwa kwa bei ambayo maktaba ya seminari haiwezi. Wanaosimuliwa hawasomi simulizi lao. Mtafiti huja, huuliza, huondoka.

Kanisa halina upungufu huo, kwa sababu Kanisa hubaki. Katekista wa kigango amekaa pale miaka 30. Na tuna kitu ambacho mtafiti angekilipia nauli ya ndege: rejesta. Mama alibatizwa Kenya na kufunga ndoa Tanzania. Kwa sheria ya Kanisa ndoa huandikwa pia kwenye rejesta ya ubatizo, kwa hiyo taarifa ya ndoa yake ilibidi ivuke mpaka na kurudi kwenye parokia aliyobatizwa. Fungueni rejesta za parokia yoyote ya mpakani, mtaona majina ya wazazi, wasimamizi na vijiji vya pande zote mbili. Serikali mbili zimewaandika watu hao kama wageni kwa wenzao. Rejesta za ubatizo zimewaandika kama familia. Kanisa limekuwa likifanya jiografia ya siasa kwa wino wa paroko bila kuiita hivyo.

Nini kifanyike

Napendekeza mambo matatu madogo, ambayo hayahitaji wafadhili.

La kwanza, likizo yetu ya kichungaji itumike kujifunza mahali. Kanuni ya 529 inamtaka paroko awafahamu waamini wake, atembelee familia, ashiriki mahangaiko yao. Frateri anayepelekwa kigango cha mpakani, au kigango chochote, atembee mipaka yake kwa miguu pamoja na katekista na wazee. Aulize: mstari huu uliwekwa lini, na nani? Unapita wapi? Watu huuvuka kwa ajili gani: kisima, shule, zahanati, mnada, kaburi? Nani huumia ukifungwa? Aandike kwa Kiswahili, kurasa tano tu, aache nakala moja kigangoni na nyingine ailete maktaba ya seminari. Baada ya miaka kumi tutakuwa na hazina.

La pili, parokia zinazopakana kuvuka mpaka zikutane angalau mara moja kwa mwaka. Umoja wa Afrika una programu ya mipaka tangu mwaka 2007, na tarehe 7 Juni ni Siku ya Mipaka ya Afrika. Kwa nini siku hiyo, au Jumapili iliyo karibu, isiwe siku ya Misa ya pamoja mpakani, kwaya za pande mbili zikiimba? Na kabla ya kula pilau, maparoko wakae na viongozi wa jumuiya wakubaliane: mpaka ukifungwa tena, kwa ugonjwa au kwa uchaguzi, tutawasilianaje? Nani atasali kaburini kwa niaba ya mtoto aliyezuiwa ng'ambo? Nani atakwenda kuzungumza na wakuu wa uhamiaji ili wafiwa wapewe kibali kwa mlango wa mbele?

La tatu ni la darasani. Tunaposoma falsafa ya siasa, tunaanza na Plato na Aristotle, tunamaliza na Wazungu wa karne ya 20. Aongezwe Asiwaju, aongezwe Sack. Nao usomwe pamoja na waraka wa Papa Fransisko, Fratelli tutti, wa mwaka 2020, unaotuagiza juu ya wahamiaji kwa vitenzi vinne: kuwapokea, kuwalinda, kuwaendeleza na kuwashirikisha. Vitenzi hivyo vinafanywa mahali, na mahali panasomwa.

Kumjibu mama

Likizo iliyopita nilikwenda na mama hadi kwenye kaburi la bibi. Safari hii tulipita kituoni, tukaonyesha vitambulisho, tukagongewa muhuri, dakika chache tukawa ng'ambo. Njiani alinionyesha lile shamba la mahindi alilopita usiku ule. Nikamwambia kwamba nimepata jibu la swali lake.

"Swali gani tena?" akauliza. Alikuwa amelisahau.

Nilimweleza kuhusu Thoma na milango ya mji, nikamweleza kuhusu rula ya mwaka 1886. Alinisikiliza, kisha akasema kwa Kikurya maneno ambayo nayaweka hapa kwa Kiswahili: "Sawa, baba. Lakini usiku ule sikutaka kujua nani alichora. Nilitaka mtu wa kunisindikiza."

Nadhani amenizidi. Swali lake la dhambi lilikuwa na jibu rahisi kuliko nilivyodhani: hapana, mama, kumzika mzazi wako kwa uangalifu ule hakukuwa dhambi. Kosa, kama lilikuwepo, lilikuwa la upungufu, nalo lilikuwa letu. Mtume Paulo anawaambia Waefeso kwamba Kristo ameubomoa ukuta uliotenganisha watu wawili. Ukuta wa kwetu bado una walinzi na taratibu zake, na kwa sasa ni haki viwepo. Lakini mjane, yatima na mfiwa wakifika pale, wamkute mtu wa Kanisa amekwisha kufika kabla yao, anayeijua njia, anayeujua mstari, na aliye tayari kuwasindikiza.

Ndugu mafrateri, tusome kwa ajili hiyo. Nanyi waamini wa mpakani, tukija kuwauliza maswali, tuvumilieni na mtufundishe, kwa kuwa ninyi mnaujua mpaka kuliko vitabu vyetu vyote.

Mama Maria, uliyevuka mpaka wa Misri usiku ukiwa na Mtoto mikononi, utuombee.